Nani Anabeba Karamu? Historia ya mukate mdogo wa sherehe zetu, kutoka Bunkeya mpaka Kolwezi



Juzi kamati ya chama chetu ilikaa kupanga kolasio ya wenzetu waliomaliza mwaka huu. Mambo ya muziki na viti yaliisha haraka. Tulipofika kwa chakula, njo kelele ikaanza. Mweka hazina alisoma orodha: mikate ya kukata, biskuti za chumvi, siagi, soseji, sardini za mukebe, mayai. Akasema, kwa orodha yote hiyo, kitu ambacho bei yake inatusumbua kila mwaka si kile kinachokaa juu ya sahani. Ni kile cha chini: mukate na biskuti. Dada mmoja akauliza pole pole: "Na kama tunakata bukari, tunaikaanga, tunaweka samaki juu?"

Watu wakacheka. Kaka mmoja akajibu: "Bageni bakikuya, tutabapa bukari mu sahani ya feti? Batatuchekelea!"

Dada akanyamaza. Tukapitisha mukate, mkutano ukaendelea. Lakini kile kicheko kilinifuata mpaka nyumbani. Sisi wote pale ndani tumelelewa na bukari. Bukari njo imetufikisha kwenye diploma. Sasa imekuwaje siku ya kushangilia diploma tunaona haya kuiweka mezani? Aibu haizaliwi na mtu. Inafundishwa, na kitu kinachofundishwa kina historia. Niliitafuta, na hii hapa ndiyo niliyoipata.

Kiti cha chakula

Tuanze na neno. Vile vipande vidogo vinavyopita kwenye sinia, Wafaransa wanaviita kanape. Wengi wetu tunajua kanape ni kiti kirefu cha sebuleni, na ndivyo ilivyo: katika karne ya 18 wapishi wa Ufaransa waliona kipande cha mukate kilichobeba samaki au nyama kinafanana na kiti kilichokaliwa na mtu, wakakipa jina la kiti. Lakini jina la kiti lenyewe lina asili ya kuchekesha. Lilitoka Kilatini, na Kilatini kililichukua kwa Kigiriki, ambako lilikuwa na maana ya kitanda chenye chandarua. Mzizi wake ni neno la Kigiriki la mbu. Kwa hiyo ukishika kanape mkononi hapa Kolwezi wakati wa mvua, ukisikia mbu anakuimbia sikioni, ujue mmoja wao ana haki ya jina.

Kazi ya mukate chini ya chakula ni ya zamani kuliko hiyo kanape. Ulaya ya zama za kati, mezani kwa wakubwa, sahani ilikuwa kipande kinene cha mukate uliokaa siku kadhaa mpaka ukakauka. Nyama na mchuzi viliwekwa juu yake. Wakubwa wakimaliza kula, ile sahani ya mukate iliyolowa mchuzi ilipewa maskini au mbwa. Huko Ethiopia mpaka leo injera inakuwa sahani, kijiko na chakula kwa pamoja.

Biskuti nayo ina hadithi yake. Neno lenyewe maana yake ni "iliyopikwa mara mbili". Mabaharia walihitaji kitu kisichooza baharini kwa miezi, wakakausha mukate mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Mwaka 1801, Marekani, muokaji Josiah Bent wa Milton, jimbo la Massachusetts, alianza kuuza biskuti nyembamba za unga na maji zilizolia "kra!" zikivunjwa. Mwisho wa karne ya 19 mpishi Escoffier alitengeneza tosti nyembamba sana kwa ajili ya mwimbaji Nellie Melba aliyekuwa mgonjwa. Hivyo vitu vyote vitatu, mukate mkavu wa wakubwa, biskuti ya baharia na tosti ya mgonjwa, njo wazazi wa kile tunachokula leo tukiwa tumevaa suti.

Kumbukeni jambo moja hapa, maana nitalirudia mbele: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji kuumuka. Vyote ni vikavu, vyembamba au vigumu. Kazi yao ni kubeba, basi.

Kabla ya ngano

Huku kwetu, kabla ya treni, hakukuwa na ngano. Kulikuwa na shaba. Basanga na majirani zao walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwenye tanuru za udongo wakati wa kipwa, wakamimina shaba kwa umbo la msalaba. Misalaba ile ilikuwa pesa. Ilisafiri mbali, ilitoa mahari, ilinunua chumvi na vitambaa. Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne aliandika makala kuhusu watu hao, akawaita "wala-shaba wa Katanga". Lakini hakuna mtu anayekula shaba. Walikula mtama na ulezi kwanza, halafu mihogo na mahindi, mazao mawili yaliyotoka Amerika, yakaingia kwa njia za biashara za pwani ya Angola na falme za Kilunda.

Karne ya 19 Msiri alitoka upande wa Unyamwezi akajenga mji wake Bunkeya, ambao leo uko katika mkoa wetu wa Lualaba. Misafara ya pembe za ndovu na shaba ilipita pale kwenda bahari zote mbili. Kwa njia ya mashariki Kiswahili kilitufikia, na ndani ya mzigo wa Kiswahili kulikuwa na neno mkate. Pwani, neno hilo halikuwa mali ya ngano peke yake. Wanajua mofa, mkate mdogo wa mviringo, mgumu, wa unga wa mtama. Wanajua mkate wa kumimina, wa mchele. Yaani tulipopokea neno, lilikuwa pana. Sisi njo tuliolifinya baadaye likabaki la ngano tu. Wenzetu wa Kinshasa walifanya lingine: kwao "mikate" ni zile beinye za mviringo za kukaanga ambazo ba mama wanauza asubuhi. Neno moja, safari tatu.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, msafara wa kapteni Stairs ulipofika kwake kwa jina la mfalme Leopold. Toka siku ile, kilichokuja mezani kilianza kuamuliwa na watu wengine.

Lakini kabla hatujafika huko, tazama mkono wa mama yako anapokula. Anakata tonge la bukari, analiviringisha, analibonyeza kwa kidole gumba mpaka linapata kishimo. Kwenye kishimo kile anachota sombe au mchuzi wa samaki, anapeleka mdomoni mara moja. Kipande kidogo, chini unga, juu kitoweo, kinaliwa kwa tendo moja bila kisu wala uma. Wapishi wa Paris wakikiona wangekipa jina. Sisi tunakiita tu kula.

Treni, posho na vyeo vya mukate

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1931 reli ya Benguela nayo ikaungana na ya kwetu, Katanga ikapata njia ya moja kwa moja mpaka bandari ya Lobito, bahari ya Atlantiki. Mji wetu Kolwezi ulianza kuinuka mwishoni mwa miaka ya 1930, karibu na migodi ya Musonoi.

Mgodi hauchimbwi na mtu mwenye njaa, na kampuni ililijua hilo. Mchimbaji alipewa posho kila juma: unga wa mahindi, nyama au samaki, maharage, karanga, mafuta, chumvi. Unga mwingi ulitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha siasa yake, ikatoa mikataba ya miaka mitatu na kumruhusu mfanyakazi akae na bibi yake na watoto kambini. Posho ikapimwa kwa kichwa cha kila mtu wa nyumba. Njo pale ulizaliwa msemo ambao ba mzee wetu wanausema mpaka leo, kwamba kazi njo baba, njo mama.

Ngano ilisafiri kwa reli zilezile, lakini ilishukia upande mwingine wa mji. Mji wa Wazungu ulikuwa na waokaji. Kambi ilikuwa na mahindi. Mukate wa Mzungu ulikuwa mweupe, mwepesi, wa kununua dukani. Bukari ilikuwa ya kupewa kwa kipimo. Hapo kuna siri ya ile aibu yetu: kitu unachopewa na kampuni kwa kopo kinakuambia wewe ni nani, na kitu unachonunua kinakuambia unataka kuwa nani.

Usisome hapo ukadhani ba mzee walikuwa wanangoja tu kopo lijazwe. Desemba 1941, wakati wa Vita ya Pili, bei zilikuwa zimepanda na mshahara umebaki palepale, wakati shaba ya Katanga ilikuwa inatakiwa sana na majeshi. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma, Jadotville (Likasi) na Elisabethville. Tarehe 9 Desemba askari walifyatua risasi juu ya umati uliokusanyika kwenye kiwanja cha mpira cha kambi ya Lubumbashi. Makumi wakafa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Kiini cha mgomo ule kilikuwa hesabu ya nyumbani: mshahara huu unanunua nini?

Baada ya vita serikali ya kikoloni ilileta dawa nyingine, ngazi za vyeo. Mwaka 1948 ilitoa kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 hati ya juu zaidi, kwa wale walioitwa évolués, "walioendelea". Kuipata hati, tume ilikuja mpaka nyumbani kwako. Ilitazama unalala wapi, bibi yako anasemaje, mezani mnakaa namna gani. Kwenye makambi, vituo vya jamii vilifundisha wanawake kushona, kutunza watoto na kupika. Mafundisho mengine yalikuwa na faida ya kweli, na bibi zetu waliyatumia kwa akili yao wenyewe. Lakini fikiri mtihani ule: mtu mzima anapimwa utu wake kwa uma na kitambaa cha meza. Katika nyumba kama hiyo, mgeni akibisha hodi, unaweka nini mezani? Unaweka mukate. Bukari inabaki jikoni, inaliwa akishaondoka.

Uhuru ulikuja 1960. Tume zile ziliondoka. Mtihani wenyewe ulibaki ndani yetu, na juzi kwenye kamati tumeufanya tena, tukafaulu vizuri sana.

Shaba ikianguka, mukate unafuata

Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa, ikawa kampuni ya taifa tunayoijua kama Gécamines. Ba mzee wetu wa Kolwezi wanasimulia miaka ile kama paradiso: shule, hospitali, kantini, unga wa kila mwezi, na asubuhi chai na mukate kwa watoto. Kwa mara ya kwanza mukate uliingia kwenye nyumba ya mchimbaji wa kawaida bila kuomba hati. Sherehe za komunyo na za harusi zikaanza kuwa na sinia: mukate umekatwa pembe nne, siagi, sardini, kipande cha nyanya.

Lakini ile ngano ilikuwa bado mgeni. Mwaka 1973 kinu kikubwa cha ngano, MIDEMA, kilianzishwa Matadi, pamoja na kampuni ya Marekani Continental Grain. Nchi iliagiza ngano kwa meli na kuilipa kwa dola, na dola zilitoka wapi? Zilitoka huku, chini ya miguu yetu. Bei ya shaba ilipoanguka duniani mwaka 1974 na 1975, hazina ya Zaïre ilikauka, malipo yakachelewa, na muuzaji akapunguza meli za ngano. Kinshasa ikapanga foleni mbele ya waokaji. Shaba ya Kolwezi iliposhuka London, mukate ulipotea Kinshasa. Sijui somo gani la uchumi linaloeleza kutegemea watu wengine kwa ufupi kuliko hilo.

Mwaka uleule wa 1975 vita ya Angola ilifunga njia ya reli ya Lobito. Mlango wetu wa magharibi ukafungwa kwa miaka mingi, mizigo ikazungukia kusini. Mei 1978 vita ikaingia Kolwezi yenyewe. Ba mzee wengi hawapendi kuisimulia, na mimi sitawalazimisha hapa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 ulikuja uporaji, na mwaka 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala kwenye stesheni wakingoja treni, wengine wakafa pale pale. Tuandike hilo wazi, maana wengi wao walikuwa wamezaliwa huku na walikula kantini moja na sisi. Mwaka 2003, kwa mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa jina zuri la "kuondoka kwa hiari". Profesa Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa ameshaandika kitabu mwaka 2001 kuhusu watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Jina la kitabu linatosha.

Miaka ile ya njaa njo ilifundisha familia nyingi kukata mukate mdogo sana. Kipande ambacho zamani kilikuwa cha mtoto mmoja kikawa cha watatu. Ba mama walikaanga beinye alfajiri, wakauza karanga na mihogo kwa vipimo vya kikombe, wakalipa karo ya shule kwa pesa hiyo. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tuko hapa kwa sababu ya sufuria ile ya mafuta.

Sinia imerudi, unga umetoka wapi?

Sheria mpya ya migodi ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa makampuni ya nje. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, Lualaba ikawa mkoa na Kolwezi makao yake makuu. Leo Kongo ni ya kwanza duniani kwa kobalti na iko katika nchi za juu kabisa kwa shaba, na sehemu kubwa ya utajiri huo inatoka mkoa wetu. Hoteli zimejengwa, semina hazikosi, na kila semina ina kolasio. Sinia imerudi, na biskuti za chumvi zenye maandishi ya lugha tano kwenye pakiti.

Simama kwenye barabara ya Likasi utazame malori. Yanayoondoka yamebeba shaba na kobalti. Yanayoingia yamebeba, pamoja na mengine, unga. Mwaka 2022 vita ya Urusi na Ukraine ilipandisha bei ya ngano duniani kote, na mkulima wa huko asiyejua Kolwezi iko wapi akawa na neno juu ya mukate wa Manika na Dilala. Mwaka huohuo Angola ilitia sahihi mkataba wa kuwapa wawekezaji reli ya Lobito, ile njia iliyofungwa tulipokuwa hatujazaliwa. Wote wanaongea juu ya madini yatakayotoka kwa reli hiyo. Treni ikirudi, itarudi na nini?

Hesabu ya dada yetu

Sasa turudi kwa swali la dada kwenye kamati, tulijibu kwa akili badala ya kicheko.

Kwa nini mukate unataka ngano? Kwa sababu ndani ya ngano kuna protini inayoitwa gluteni. Ukikanda unga na maji, gluteni inakuwa kama wavu wa mpira. Hamira inatoa hewa, wavu unaishika, mukate unaumuka. Mahindi, mtama na mihogo havina wavu huo. Ukioka mukate wa mihogo mtupu utapata tofali. Njo maana miradi ya kuchanganya unga, iliyoanzishwa na FAO mwaka 1964, na ile ya Nigeria iliyodai asilimia 10 ya mihogo katika unga wa mukate miaka ya 2000, ilienda kwa kusuasua: waokaji walilalamika kwamba mukate haupandi.

Lakini nilisema tukumbuke jambo moja. Kitu cha chini ya kanape hakihitaji kupanda. Kinatakiwa kuwa kikavu, kishike umbo, kisilowe haraka, kiingie mdomoni mara moja. Wapishi wenyewe wanachukua mukate mzuri uliopanda, wanaukandamiza, wanaukausha kwenye tanuru na kuupaka siagi ili mafuta yazuie maji ya nyanya. Wanafanya kazi mara mbili: kwanza kuumua, halafu kuua ule uumukaji. Ni hapa hasa, kwenye sinia ya sherehe, ambapo ngano haina faida kubwa kuliko unga wetu.

Italia ya kaskazini wanalijua hilo. Mahindi yalipofika kwao kutoka Amerika, walipika bukari yao, wakaiita polenta. Iliyobaki usiku, asubuhi imekuwa ngumu, wanaikata vipande na kuichoma, wanaweka uyoga, samaki au jibini juu. Leo ukiagiza hiyo kwenye mgahawa wa Venice utalipa bei ya kukutoa jasho. Ni bukari ya jana, bandugu.

Kwetu tuna zaidi ya hiyo. Kuna bukari iliyoachwa ipoe kwenye sinia bapa, ikakatwa na kukaangwa mpaka ukoko uwe wa dhahabu. Kuna kiazi kitamu kilichokatwa mviringo na kuchomwa. Kuna biskuti ya unga wa mihogo, mafuta na chumvi, iliyosukumwa nyembamba. Juu yake samaki wa kukausha wa ziwa Nzilo, avokado, karanga zilizosagwa na pilipili, hata finkubala kwa wale wanaozipenda. Na kuna kikanda: viazi vya okidi za porini vinavyotwangwa na karanga, vikapikwa mpaka vikashikana, vikauzwa kwa vipande sokoni. Bibi zetu walikuwa wanakata kanape bila kuwa na jina la Kifaransa.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana historia inayosifu tu haisaidii mtu. Mihogo michungu isipolowekwa vizuri inabaki na sumu, na ugonjwa wa konzo umelemaza watu wengi katika nchi yetu. Kikanda kinachimbwa kuliko porini panavyoweza kurudisha. Okidi zinapungua huku na Zambia, kwa hiyo si kitu cha kupikia watu mia tano kila Jumamosi. Mahindi yenyewe, tunayoyaita yetu, mengi bado yanavuka Kasumbalesa. Ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024, tulijua mezani kwetu. Na ngano si adui: mashamba makubwa ya Zambia yanailima wakati wa kipwa kwa kumwagilia, kwenye nyanda kama za kwetu. Wenzetu wa kilimo, swali hilo ni lenu.

Kwa hiyo sisemi mukate ni wa kikoloni, tuutupe. Mama aliyepanga foleni ili mtoto ale mukate asubuhi hakuwa mtumwa wa mtu, alikuwa mama. Ninachosema ni kwamba tulifundishwa kwamba kitu cha heshima lazima kitoke mbali, na tulifundishwa na watu waliokuwa na faida katika jambo hilo. Tunalipa bei ya somo hilo kila mwaka kwenye bajeti ya kamati, na bei kubwa zaidi analipa mama wa jirani anayejua kusaga, kukausha na kukaanga, ambaye hatumpi kazi yoyote siku ya sherehe kwa sababu chakula chake si cha bageni.

Nimerudisha hoja kwenye kamati. Nimeomba sinia mbili kati ya kila tano ziwe za bukari ya kukaanga na za viazi vitamu, zipikwe na ba mama watatu wa mtaa kwa malipo yaliyoandikwa. Kaka aliyecheka bado hajakubali; anasema tujaribu kwanza Jumapili, wanachama peke yao, tuone kama vinashika samaki bila kuvunjika. Ana haki, jaribio ni jaribio. Dada yetu ameombwa kulisimamia. Ameshatuma ujumbe kuuliza nani ana sinia bapa za kupozea, maana bukari inatakiwa kulala usiku mmoja.

Wenye sinia, mjitokeze. Na wewe unayesoma ukiwa na mzee wa Gécamines nyumbani, muulize kabla ya Jumapili: siku ya harusi yake, kwenye sahani kulikuwa na nini, na nani alikipika? Tuandikieni hapa chini. Kumbukumbu hizo hazijaandikwa popote, na wenye nazo wanazeeka.